Gari Lililohamishwa Usukani

Leocadia alikiuza kibanda chake cha uji wa api ili mwanawe asiende Brazil. Neno hilo liwekwe mbele kabisa, kwa sababu mtaani walilisimulia kinyume, wakasema alikiuza kwa tamaa ya kuitwa mama mwenye gari. Haikuwa tamaa. Ilikuwa hofu, na hofu ya mama ikishapata pesa mkononi hununua chochote kinachouzwa siku hiyo.

Mwanawe, Limbert, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Dada yake aliolewa mbali, Santa Cruz, na baba yao alimalizwa na vumbi la mgodi. Vijana wawili aliocheza nao mpira walikuwa wameshakwenda São Paulo kushona nguo kwenye vyumba visivyo na madirisha, na mmoja wao hakuwahi kupiga simu tena. Limbert naye akaanza kuulizia nauli. Hakuuliza kwa siri. Aliuliza mezani, mdomo umejaa viazi, kana kwamba anauliza bei ya sabuni.

Kibanda chenyewe kilikuwa pale Ceja, juu El Alto, mahali magari yanapojaza abiria wa kushuka La Paz. Mtu akinyoosha mikono angegusa kuta zote mbili. Lakini kilikuwa cha mama yake kabla hakijawa chake, na asubuhi, kabla jua halijapasha mabati, watu walikuwa wamekwisha simama mbele yake wakipuliza vikombe vya api, ule uji mwekundu wa mahindi, na maandazi ya jibini yaliyovimba kama mto. Nafasi kama ile ukiiuza hupati nyingine. Leocadia alilijua hilo, akaiuza.

Alhamisi iliyofuata, siku ya gulio kubwa, wakaenda wawili kununua gari la abiria, Limbert aliendeshe.

Lilikuwa gari dogo la stesheni wagon, rangi ya maziwa yaliyokaa. Lilitoka Japani kwa meli hadi bandari ya Iquique, na liliposhushwa lilikuwa na usukani kulia. Kwetu usukani ni kushoto. Basi magari ya namna ile hupitishwa kwanza kwenye gereji za huko njiani, usukani ukang'olewa huku ukapandikizwa kule, pedali zikahamishwa, dashibodi ikakatwa na kugeuzwa, na likitoka huko linauzwa nusu ya bei ya gari lililozaliwa na usukani kushoto. Kila mtu anajua na kila mtu hununua. Muuzaji hata hakuficha. Alifungua mlango akasema, "Mama yangu, hili limehamishwa na fundi mcha Mungu. Tafuta shimo la usukani wa zamani kama utaliona." Na kweli halikuonekana, maana walikuwa wamelifunika na kipande cha zulia.

Walilipeleka nyumbani, wakalinywesha bia kwenye magurudumu yote manne, tone la kwanza kwa Mama Ardhi kama inavyopasa, wakarusha petali za maua na fataki mbili. Aliyeongoza shughuli alikuwa Basilia, somo yake Leocadia, mwanamke mnene mwenye kauli, ndiye aliyemsimamia Limbert ubatizo. Basilia akasema vizuri, lakini hii ni salamu tu. Gari halijawa gari mpaka lifikishwe Copacabana mbele ya Bikira, padri alinyunyizie maji. Leocadia akaitikia kwamba litakwenda, liachwe kwanza liingize pesa kidogo.

Wiki ya tatu, mwezi wa nne ukianza, breki zikamtoroka Limbert.

Alikuwa anashuka La Paz na abiria wanne. Kwenye kona ya pili ya mteremko akakanyaga pedali ikazama hadi sakafuni, laini, kama mtu aliyekanyaga tope. Akaipiga tena na tena, mara ya tatu ikarudi. Jioni alilisimulia huku akicheka, akaonyesha kwa mguu chini ya meza jinsi alivyoipiga, mpaka sahani zikatikisika. Mama yake hakucheka. Alimwuliza ilizama kwa muda gani. Limbert akasema kufumba na kufumbua tu. Leocadia akajaribu kufumba na kufumbua, akaona ni muda mrefu.

Wakaenda kwa fundi Hilarión, mwenye gereji njia ya Río Seco, mtu mwembamba anayeongea na sigara isiyowashwa mdomoni. Akasema pedi zimekwisha. Akabadilisha pedi, gari likaenda siku kumi na moja bila neno, siku ya kumi na mbili pedali ikazama. Akasema basi ni mpira wa breki, unavuja ndani kwa ndani. Wakanunua mpira. Siku tisa. Akasema sasa ni pampu, akawaonyesha ya zamani ilivyokwaruzika, na pampu ilikuwa ghali, Limbert akafanya kazi mwezi mzima kwa ajili yake peke yake. Baada ya wiki mbili ikazama. Ikasemekana pampu ile ilikuwa ya bandia. Wakanunua ya pili.

Wakajaribu fundi mwingine. Huyo alifungua boneti, akatikisa kichwa, akauliza ni mchinjaji gani aliyefanya kazi hii. Akabadilisha vitu ambavyo hata havikuwa vya breki, akalipwa, pedali ikazama hapo hapo nje ya gereji yake, naye akasema alilipokea likiwa hivyo hivyo. Wakarudi kwa Hilarión.

Leocadia akajifunza majina ya vyuma, kama watu wanavyojifunza majina ya dawa za ndugu yao mgonjwa. Siku hizo alikuwa akiuza api chini, kwenye birika lililofungwa blanketi, pembeni ya kibanda kilichokuwa chake, na wenye nafasi zao walimfukuza kila saa kama kuku. Masikio yake yalikuwa barabarani. Limbert alipopita akishuka na abiria alimpigia honi mbili, na kuanzia hapo Leocadia hakusikia mteja anasema nini mpaka gari lipande tena. Wakati mwingine lilichukua saa nzima. Wakati mwingine saa mbili, kwa sababu ya foleni tu, na alipoliona linachomoza alikuwa amemwaga uji wa watu mara tatu.

Alimwomba asishuke tena. Afanye kazi ya huku juu kwenye tambarare. Limbert akakubali, akafanya siku nne, akarudi mteremkoni.

"Mama, abiria wako kule," alisema. "Nikizunguka huku juu, pesa ya spea itatoka wapi?"

Ili breki zitengenezwe ilibidi Limbert ashuke, na akishuka breki ndizo zilizomtisha mama yake. Ni kama mtu anayeumwa jino na kuambiwa alitafunie kwanza.

Mwezi wa nane Hilarión alimwita Leocadia mwenyewe, Limbert akiwa pembeni. Akamwambia avue kofia, apige magoti mlangoni, aingize kichwa chini ya dashibodi. Akawasha tochi. Akamwonyesha kwamba waliohamisha usukani walihamisha pedali peke yake, pampu ya breki wakaiacha kulekule kulia ilikozaliwa. Katikati wakaunganisha kwa fimbo ya chuma, nene kama kidole gumba, imechomelewa ncha zote mbili. Ukikanyaga huku, fimbo ndiyo inayopeleka nguvu kule. Na fimbo ilikuwa imeanza kujikunja, na uchomeleaji umeanza kufunguka kama ganda la kidonda. Kila fundi alipofungua kitu na kukaza, fimbo ilikaa sawa siku kumi, halafu ikalegea.

Leocadia alitoa kichwa, akauliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuyasema hayo mwezi wa nne.

"Kazi ya fundi mwingine ni kama mke wa mwenzio, mama," alisema Hilarión. "Kasoro unaiona, lakini huigusi. Sasa nimeona nawalia pesa zenu bure. Hii ni kung'oa yote na kujenga upya."

Na bei akaitaja, bolivianos elfu nne, pamoja na vyuma vya kutolewa kwenye gari lililozaliwa na usukani kushoto. Akasema mpaka hapo Limbert asiweke mzigo mzito, apige pedali mara tatu kabla ya kila kona, na handbreki asiiamini, kwa sababu meno yake yamekwisha. Ukiivuta inashika, ukiiachia inarudi. Labda uishikilie kwa mkono wako.

Wakaanza kukusanya. Limbert aliendesha na kupiga pedali mara tatu kabla ya kila kona, akawa amezoea, mguu wake ukawa unapiga hata anapokula. Hilo la kuzoea ndilo lililomtia Leocadia baridi. Mtoto anayeogopa utamsihi, naye atakusikia. Aliyezoea utamwambia nini?

Kufika mwezi wa kumi na moja pesa zilikuwa zinakaribia kutimia, na Leocadia alizishona ndani ya ukanda wa sketi yake. Hilarión alikuwa amepata vyuma. Wakapanga Jumatatu.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo Basilia akaja kunywa chai. Hakuja na ubaya. Ni mwanamke aliyempenda Limbert kama wake, na alikuwa amekaa na jambo hilo miezi. Akauliza ni mara ngapi gari limetengenezwa. Leocadia akahesabu: tano. Na kila mara lilitengemaa? Lilitengemaa, ila kwa yule fundi wa pili. Na kila mara likarudi palepale? Likarudi. Basilia akaweka kikombe chini. Akasema mlango wa nyumba ukiwa wazi, ufagie mara tano vumbi litaingia mara tano. Gari hili limekaa miezi minane halijapelekwa Copacabana. Mliahidi, hamkwenda. Shemeji yake alinunua gari la aina hiyo hiyo, gulio hilo hilo, usukani umehamishwa vile vile, akalipeleka wiki ya kwanza, na mpaka leo halijamdai hata msumari.

Limbert alikuwa anakausha nywele mlangoni. Akasema taratibu kwamba fundi amekwisha onyesha fimbo, na mama ameiona kwa macho yake.

"Breki haina masikio, mama mdogo," alisema.

"Na zile pampu mbili mpya zilikuwa na masikio?" Basilia akamrudishia. "Mbona zilikufa?"

Limbert akacheka, akamtazama mama yake. Alikuwa ameliacha jambo mikononi mwake, kwa sababu ni kibanda chake kilichonunua gari. Na hapa ndipo ninyi wenye watoto muangalie vizuri, kwa maana Leocadia hakuwa mjinga. Fimbo alikuwa ameiona. Lakini tangu mwezi wa nne alikuwa hana la kufanya ila kukaa chini na birika na kusubiri honi, na sasa mtu amemletea kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa miguu yake na pesa zake, angeweza kukifanya. Mafundi walikuwa wamesema mara tano kwa uhakika uleule. Angejuaje kwamba safari hii ndiyo ya kweli? Na kama kuna mlango uliobaki wazi, elfu nne nazo zitapita humo humo.

"Baraka kwanza, mwanangu," alisema. "Fundi tumeshaanza naye mara tano. Hilarión atangoja wiki moja."

Limbert akatii.

Jumamosi ya wiki iliyofuata wakatoka alfajiri, Leocadia mbele, Basilia nyuma na kreti la bia. Limbert aliendesha kama amebeba mayai, na pedali ikawa ngumu safari nzima, hata kwenye kona za kuteremkia ziwani. Basilia akasema mnaona, limejua linakopelekwa. Copacabana wakapanga foleni mbele ya kanisa na magari mengine, wakalivika shada za maua kwenye boneti, riboni kwenye vioo, na kofia ndogo ya maua juu ya paa. Basilia, kwa kuwa ndiye msimamizi wa gari, hakutaka aibu. Alilipia wapiga tarumbeta wanne wacheze nyimbo mbili, akanunua fataki za kamba ndefu, akakaribisha chakula watu wa magari mawili ya jirani, na wenye magari hayo nao wakaleta bia yao. Alisema mwenye kubania Bikira, Bikira naye humbania. Pesa zilitoka kwenye ukanda wa Leocadia, kipande kwa kipande, mpaka zaidi ya nusu ya pesa za fundi zikawa zimekwenda.

Padri alipofika na ndoo yake alinyunyiza injini, akanyunyiza viti. Leocadia akamshika mkono wa kanzu, akamwomba na pale chini, kwenye pedali. Padri akamtazama, akainama, akanyunyiza pedali. Leocadia alilia kidogo, akafuta machozi kwa ncha ya shuka lake la mgongoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne kifua chake kumwachia nafasi ya kupumua. Alikula samaki mzima.

Kurudi ni lazima kuvuka tena mlango wa ziwa pale Tiquina. Watu huvuka kwa mashua ndogo, na magari huvuka kwa pantoni za mbao, dereva akibaki na gari lake. Leocadia na Basilia wakatangulia, wakashuka ng'ambo, wakasimama kwenye mawe kumngojea. Upepo ulikuwa umeanza. Pantoni ya Limbert ikaja polepole, gari peke yake juu yake, maua yakipeperuka, na wanaume wawili wa pantoni wakisukuma kwa miti mirefu.

Gari huingia kwenye pantoni kwa pua na hutoka kwa nyuma, kinyumenyume, likipanda mawe ya ufukweni. Limbert akatia gia ya kurudi. Magurudumu ya nyuma yakagusa mawe, yakateleza. Akaongeza mafuta, likapanda kidogo, injini ikakohoa na kuzimika. Gari likaanza kurudi mbele juu ya mbao, kuelekea maji.

Leocadia aliona bega la mwanawe likipiga. Mara moja, mbili, tatu. Alijua kila pigo linamaanisha nini. Pedali ilikuwa inazama.

Ubao wa mbele wa pantoni ulivunjika kama biskuti. Gurudumu moja la mbele likapita, na la pili likafuata, pua ikainama, maua yakagusa maji. Halafu gari likasimama, limening'inia, nusu kwenye mbao na nusu juu ya ziwa. Pantoni ikainamia upande huo, na mmoja wa wale wanaume akaanguka kwa magoti.

Limbert alikuwa ameshika handbreki. Leocadia alimwona kupitia kioo cha nyuma, mwili mzima umelalia upande mmoja, mkono umevuta mpaka shingo imetoa mishipa. Dirisha lake lilikuwa wazi. Mtu angeweza kutoka.

Leocadia akaingia majini mpaka magotini, sketi zote zikavimba. Hakujua kuogelea, na maji yale ni ya barafu.

"Limbert, toka," alisema. "Pitia dirishani."

"Nikiachia mkono linakwenda, mama."

"Liache liende."

"We mama. Kibanda chako hiki."

"Ni changu. Nimesema liende."

Limbert alikuwa anatazama mbele, kwenye maji. Leocadia akasema tena, akasema mara nyingi, na wanaume wa pantoni wakampita wakikimbia na kamba, mmoja akamwambia, "Pisha, mama, pisha," naye akapisha, maana hapakuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake. Wakafunga kamba kwenye ekseli ya nyuma. Abiria wa basi lililokuwa linangoja wakashuka, wanaume kwa wanawake, wakashika kamba. Wakavuta, kamba ikateleza, wakaifunga upya. Muda wote huo Limbert hakugeuka. Leocadia alitazama kisogo chake tu, akasali, na sala aliyosali hakumwambia mtu yeyote baadaye: kwamba kamba ikatike, gari lizame, mtoto aelee.

Kamba haikukatika. Gari likatoka inchi kwa inchi, likapanda mawe, watu wakapiga makofi. Basilia alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, mikono juu, anamshukuru Bikira kwa jina lake lote. Watu wa basi waliposikia kwamba gari limetoka kubarikiwa saa tatu zilizopita, waliligusa, wakagusa na maua. Bibi mmoja akachuma ua akalitia kifuani. Walisema bila baraka lingekuwa chini ya ziwa sasa hivi na kijana ndani yake.

Limbert alipofungua mlango, vidole vyake havikutaka kufunguka. Leocadia alivichukua, akavisugua kimoja kimoja. Vilikuwa vyeupe. Kijana alikuwa anacheka.

"Leo nimeamini," alisema. "Mama mdogo Basilia, nisamehe. Leo nimeona."

"Nilikwambia nini?" Basilia akasema, akambusu kwenye paji la uso.

Leocadia akangoja Basilia aende kuwashukuru wenye kamba. Kisha akamwambia mwanawe, karibu sana, kwamba Jumatatu waende kwa Hilarión. Pesa zilizobaki wampe atangulize kazi, nyingine watamalizia. Walale bila kula ikibidi. Gari liachwe hapa hapa Tiquina, wao wapande basi.

Limbert akamtazama kwa mshangao, bila hasira hata chembe.

"Kwa Hilarión tena? Ametukamua tangu mwezi wa nne. Mama, wewe mwenyewe ulisema baraka kwanza. Imefanya kazi mbele ya macho yako, na bado unataka fundi?"

Leocadia alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba kilichoshika ni mkono wa Limbert, na kamba, na mikono ya watu wa basi. Lakini Basilia alikuwa anarudi, na wale watu walikuwa bado wanaligusa gari na kujifanyia ishara ya msalaba, na mwanawe alikuwa ana uso ambao hakuuona tangu alipokuwa mdogo, uso wa mtu asiyeogopa kitu. Ni yeye aliyempa uso ule. Alimpa kwa pesa za breki. Na angesema nini? Kwamba alikosea? Ataulizwa mbona alimkataza kwenda kwa fundi. Kwamba Bikira hakusaidia? Neno hilo hata moyoni hakuweza kulimaliza.

"Hata hivyo tuliache," alisema.

"Tuliache litaliwa na wezi," Limbert akasema, akamshika bega. "Na pesa uliyotoa leo lazima irudi. Usihofu. Kaa mbele, utaona linavyokwenda."

Akajaribu injini. Ikawaka mara ya kwanza, na watu wakapiga makofi tena. Akakanyaga pedali. Ngumu kama jiwe. Akamwita mama yake aje akanyage mwenyewe, naye akaja, akaweka kiatu chake kilicholowa, akakanyaga. Kweli ilikuwa ngumu. Fimbo ilikuwa imekaa sawa, kwa siku kumi au kwa dakika kumi, nani ajuaye.

Limbert akasimama barabarani, akaanza kuita abiria. Nafasi mbili, za mwisho, anapita Ceja, anashuka hadi chini La Paz, gari limetoka kubarikiwa leo. Hakuhangaika. Watu wa basi wenyewe walikuwa wanasukumana. Akapanda mzee mmoja na gunia lake la viazi, na mwanamke kijana wa mashavu mekundu, mtoto wa miaka minne mgongoni. Mwanamke alipoinama kuingia nyuma karibu na Basilia, alimwona Leocadia kwenye kiti cha mbele, akaona ni mtu mzima, akamwuliza kwa heshima:

"Shikamoo, mama. Gari zima hili?"

Limbert alikuwa anafunga mlango wa buti. Leocadia alimwona kwenye kioo cha pembeni, anafuta tope mlangoni kwa mkono wa shati lake, anapiga mluzi. Angesema neno moja tu, yule mwanamke angeshuka, mzee angeshuka, na Limbert angebaki hapo barabarani anamtazama mama yake. Kisha angeendesha peke yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Akangoja kama kuna neno jingine litakalokuja. Basilia akajibu nyuma yake kwamba gari zima, zima kabisa, muujiza umeuona mwenyewe, ingia.

"Mlete mtoto huku mbele," Leocadia akasema. "Nitampakata mimi."

Mtoto akapitishwa juu ya viti. Alikuwa na usingizi na pua iliyojaa mafua. Leocadia akamfunga ndani ya shuka lake pamoja na kifua chake, akamzungushia mikono yote miwili, akaegemeza mgongo kwenye kiti. Limbert akaingia, akatia gia, na gari likaondoka.